Wadada wa Kilatino Hawana Shida ya Kujiamini, Wapeni Bajeti

Kila mwaka kuanzia 15 Septemba mpaka 15 Oktoba huku Marekani ni mwezi wa urithi wa Walatino, yaani watu wenye asili ya Mexico, Amerika ya Kati na Kusini na visiwa kama Cuba na Puerto Rico. Ulianza kama wiki moja tu mwaka 1968 enzi za Rais Lyndon Johnson, mwaka 1988 ukaongezwa ukawa mwezi mzima, na ile tarehe 15 ina maana yake kwa sababu ndo siku ya uhuru wa Guatemala, El Salvador, Honduras, Nicaragua na Costa Rica, kesho yake inafuata Mexico. Kwenye maofisi mengi mwezi huo kunakuwa na chakula, muziki, picha ya pamoja na semina ya wanawake, na semina yenyewe kila mwaka inazunguka palepale, dada jiamini, dada paza sauti, dada jitangaze.

Mimi ni Mtanzania, sio Mlatino, ila nimealikwa kwenye hizo semina mara nyingi maana nafanya nao kazi, na kuna kitu kimenikaa rohoni siku nyingi nimeona leo nikiandike chote. Wale wadada hawana shida ya kujiamini. Mtu ambaye akiwa darasa la tatu alikuwa anamsindikiza mama yake hospitali na kumtafsiria maneno ya daktari, anasoma barua za mwenye nyumba, anapiga simu kampuni ya umeme kuomba wasikate, huyo mtu anaongea na wakubwa tangu meno ya utoto hayajaisha kung'oka. Kumwita ukumbini leo umfundishe kujiamini ni kumpotezea muda wake. Anachokosa ni madaraka yenye hela ndani yake: bajeti ya kusimamia, watu wa kuajiri, mteja anayejulikana kuwa ni wake, na mtu wa kumsemea kwenye kile kikao ambacho yeye hajaalikwa.

Naishi Houston, Texas. Karibu nusu ya wakazi wa mji huu ni Walatino. Kusini magharibi kuna mtaa unaitwa Gulfton, ndo wanapofikia wageni wengi, Mhonduras yupo, Msalvador yupo, Mkongo yupo, kwenye korido moja ya ghorofa utasikia Kihispania mlango huu na Kiswahili cha Bukavu mlango unaofuata, na akina mama wanaachiana watoto wakienda zamu japo lugha ya kuelewana ni Kiingereza cha kuungaunga tu. Mimi kazini niko upande wa uhasibu, kampuni ya kusafirisha mizigo, makontena na maroli yanayopanda na kushuka kati ya hapa na mpaka wa Mexico. Walionifundisha ile kazi, walionielewesha makato ya mshahara wa huku, waliokuja na masufuria ya chakula nilipojifungua, ni wadada wa Kilatino. Kampuni siitaji na watu siwataji, wana kazi zao na familia zao, ila ninayoyasema nimeyaona kwa macho.

Tuanze na namba kidogo. Kampuni ya ushauri wa biashara ya McKinsey na shirika la wanawake la LeanIn wanatoa ripoti kila mwaka kuhusu wanawake kwenye kampuni za Marekani, na ile ya 2024 ilionyesha kwamba kwa kila wanaume 100 waliopandishwa kutoka ngazi ya chini kuwa mameneja kwa mara ya kwanza, wanawake kwa ujumla walipandishwa 81, na wadada wa Kilatino 65. Wadada weusi 54, na hapo na sisi tumo. Mwaka uliotangulia namba ya wadada wa Kilatino ilikuwa 76, yaani imeshuka. Kule juu kabisa, kwenye ile timu ya mtendaji mkuu na wakuu wenzake, wao ni kama asilimia 1.

Watu wakiona ile asilimia 1 ndo wanashtuka na kuanza kuongelea mambo ya juu, bodi, wakurugenzi, viti. Mi naangalia ile 65. Mtu ambaye hakupewa umeneja akiwa na miaka 28 hatakuwa mkurugenzi akiwa na 38 na hatafikiriwa utendaji mkuu akiwa na 48, ni hesabu tu, kila ngazi inachukua watu wake kutoka ngazi iliyo chini yake na kama chini waliachwa 35 basi juu hata ufanye semina za dunia nzima hutawapata, hawapo, wameshahama kampuni au wameamua kufungua biashara zao au wamezeeka kwenye dawati lilelile. Na sio suala la shule. Kwa takwimu za shirika la utafiti la Pew wanawake wa Kilatino wenye miaka 25 na kuendelea waliokuwa na digrii mwaka 2013 walikuwa asilimia 16, mwaka 2023 wakawa 23. Wanasoma, wanafanya kazi mchana wanasoma usiku, na wengi ndo wa kwanza kwenye ukoo kukanyaga chuo.

Sasa cheo kinatolewaje? Hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndo penyewe. Kuna kikao kinaitwa cha tathmini. Mameneja wanakaa na orodha ya majina, kila jina lina dakika zake chache, na watu wa uhasibu tunaitwa kueleza bajeti ya nyongeza inabeba watu wangapi, ndo maana mimi nakuwepo. Jina likitajwa kinachoamua ni sauti ya kwanza. Akitokea mtu akasema "huyu yuko tayari, mi namfahamu, nimefanya naye kazi", mjadala umeisha. Kukiwa na ukimya wa sekunde tatu, jina linapita na linalofuata linasomwa. Na kwa wadada wa Kilatino nimesikia kitu kingine ambacho kinauma zaidi ya ukimya, wanasifiwa. Mchapakazi sana huyu. Hana makuu. Pale alipo bila yeye mambo yatalala. Alafu anaachwa palepale kwa sababu bila yeye mambo yatalala. Anafuata kijana wa kiume ambaye hana hata nusu ya kazi alizozifanya yule, mtu anasema "nauona uwezo ndani yake, tumjaribu". Mwanaume anapandishwa kwa kile anachoweza kuja kukifanya, dada anapimwa kwa kile alichokwisha kukifanya, na akishakifanya vizuri ndo kinamfunga.

Nitoe mfano wa dada mmoja tuliyekuwa tunakaa naye madawati jirani. Mzaliwa wa Texas, wazazi wa Jalisco, Mexico. Cheo chake miaka mingi kilikuwa mratibu, na kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kufuatilia nyaraka za mizigo. Kazi yake halisi ilikuwa nyingine kabisa. Roli likikwama Laredo, mji wa Texas ulio mpakani, forodha wanataka karatasi fulani, dereva hapatikani, mteja Monterrey kule Mexico anafoka kwa Kihispania kwamba mashine zake zitachelewa kiwandani, simu inahamishiwa kwake. Meneja wa akaunti ile, yaani biashara yote ya mteja yule, kijana mwenye heshima zake na sina ugomvi naye, Kihispania alikuwa hajui, kwa hiyo dada anaongea, anatuliza, anaelewana na mteja gharama ya roli kusubiri, anapanga mzigo unaofuata, alafu anamwandikia meneja muhtasari kwa Kiingereza. Mwisho wa robo mwaka mapato ya akaunti ile yanasomwa chini ya jina la meneja. Kwenye fomu ya tathmini ya dada kuna mstari mmoja: anasaidia kutafsiri.

Anasaidia kutafsiri! Jamani, mwaka 2023 Mexico iliipita China ikawa nchi inayoiuzia Marekani bidhaa nyingi kuliko nchi yoyote, na Laredo ni moja ya bandari kubwa kabisa za biashara hiyo, maroli yanapita usiku na mchana. Kampuni kama yetu inaishi kwa mpaka ule. Mtu anayeweza kumpigia simu meneja wa kiwanda Monterrey, akajua amsalimie vipi, aulizie familia kwanza kabla ya kuongelea deni, ajue lini mtu akisema "kesho" anamaanisha kesho na lini anamaanisha usinisumbue, huyo ndo anauza. Kuiita kazi hiyo kusaidia kutafsiri ni kuchukua mali ya mtu bila kuilipia.

Kilichokuja kubadilisha mambo yake haikuwa semina. Alikuja mkurugenzi mpya wa oparesheni, mwanamama wa makamo, Mmarekani mweupe, akaomba kuonyeshwa kwa kila mteja mkubwa ni nani hasa anayeongea naye, sio jina lililoandikwa kwenye mfumo, nani anapiga simu na nani anapokea. Kwenye kikao cha tathmini kilichofuata likasomwa jina la dada, kabla ukimya haujaingia yule mama akasema akaunti ya Monterrey ni ya huyu na siku zote imekuwa ya huyu, tumpe na bajeti yake na watu wake. Mmoja akasema hajawahi kusimamia watu. Mama akamuuliza, kati yetu hapa ni nani aliwahi kusimamia watu kabla hajapewa watu wa kusimamia?

Akapewa. Mi ndo nilikuwa naziona invoisi zake kwa hiyo naongea kwa uhakika, gharama za maroli kusubiri mpakani zikaanza kupungua, na sababu haina muujiza wowote: zamani aliyejua tatizo liko wapi hakuwa na saini, na mwenye saini hakujua tatizo liko wapi, sasa wamekuwa mtu mmoja. Baadaye akaongezewa njia yote ya Laredo.

Naomba tutofautishe vitu viwili hapo maana watu wanavichanganya. Kuna mtu wa kukushauri na kuna mtu wa kukusemea. Wa kukushauri mnakunywa naye kahawa, anakuangalizia wasifu, anakwambia ongea polepole kwenye prezentesheni, ni mtu mzuri na Mungu ambariki. Wa kukusemea anaweka jina lake rehani kwa ajili yako mbele ya wenzake wakati wewe haupo. Wadada wa Kilatino wana washauri wa kutosha, programu za ushauri ni nyingi, wanachoshauriwa wanakijua. Wa kuwasemea ndo wachache mno, kwa sababu watu wanamsemea yule wanayekula naye lanchi, wanayecheza naye gofu, wanayemwona anafanana na wao walipokuwa vijana, na kama juu kwenye mia kuna Latina mmoja basi huyo mmoja atasemea wangapi? Ndo maana nasema kazi hii haiwezi kuachiwa Walatino peke yao. Yule mama aliyemsemea mwenzangu hakuwa wa damu yake wala wa lugha yake, alikuwa na kiti tu kwenye kikao na akakitumia.

Kuna hoja nimeisikia mara nyingi kwamba shida ni utamaduni wao. Kwamba msichana wa Kilatino analelewa akiambiwa "calladita te ves más bonita", ukinyamaza ndo unapendeza, kwamba anafundishwa heshima kwa mkubwa mpaka anashindwa kumpinga bosi, kwamba familia inamrudisha nyuma. Siukatai msemo, upo, na wengi wenyewe wanausimulia kwa uchungu, na mimi niliyelelewa Tanga nikiambiwa mtoto wa kike hachangii mazungumzo ya watu wazima naelewa kabisa. Lakini angalia vizuri wanachofanya hawa watu nje ya ofisi. Wana kitu wanaita tanda, wengine wanaita cundina, ni upatu, ni mchezo wetu uleule, kila mtu anatoa kiasi kila wiki au kila mwezi na zamu inazunguka. Anayeshika tanda mara nyingi ni mwanamke. Anachagua nani aingie na nani asiingie, anapanga nani aanze kupokea kwa kuangalia nani ana shida ya haraka na nani anaweza kusubiri, anamfuata anayechelewa na kumbana bila kuvunja undugu, na hela za watu zinatoka zote bila mkataba na bila mwanasheria. Nimeingizwa kwenye tanda ya kazini kwetu na sijaona mwezi hata mmoja hela ikachelewa. Mwenye kuendesha kitu kama hicho mnasema hajawahi kusimamia fedha za watu?

Na historia ipo, haijaanza leo. Romana Acosta Bañuelos alizaliwa mwaka 1925 kwenye mji mdogo wa machimbo unaitwa Miami, uko Arizona, kwa hiyo raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Ukaja ule mdororo mkuu wa uchumi miaka ya 1930, serikali na halmashauri zikawa zinawasukuma watu wenye asili ya Mexico warudi "kwao", na familia yake ikaondolewa, raia mtoto akapelekwa nchi asiyozaliwa. Alirudi akiwa msichana mkubwa na watoto wawili, akafikia Los Angeles, akafanya kazi za kuosha vyombo na kufua. Mwaka 1949 akiwa na akiba ya dola 400 hivi akaanzisha na shangazi yake kiwanda kidogo cha kutengeneza tortilla, kikakua kikawa kampuni kubwa ya vyakula. Alafu mwaka 1964 akawa mmoja wa waanzilishi wa benki, Pan American National Bank, East Los Angeles, kwa sababu watu wa mtaa wake benki nyingine zilikuwa haziwapi mikopo. Mwaka 1971 Rais Nixon akamteua kuwa mweka hazina wa Marekani, Mlatino wa kwanza kushika nafasi ile, na saini yake ikachapwa kwenye noti za dola. Mtoto aliyeondolewa nchini! Kila nikiisoma habari yake nasimama kidogo.

Linda Alvarado wa Denver naye. Mwaka 1976 alianzisha kampuni ya ujenzi, biashara ambayo mwanamke kwenye saiti alikuwa anaonekana amepotea njia, mabenki yakamkatalia mkopo mmoja baada ya mwingine mpaka wazazi wake wakaweka nyumba yao rehani kumpatia dola 2,500. Baadaye kampuni yake ikajenga majengo makubwa na yeye mwenyewe akawa miongoni mwa wamiliki wa timu ya besiboli ya Colorado Rockies. Mwangalie na huyu, kilichomfungulia ni hela ya kuanzia iliyowekwa mkononi mwake na watu waliomwamini, dola 2,500 za rehani ya nyumba ya wazazi.

Upande wa kampuni kubwa za kuajiriwa, mpaka mwaka 2017 hakukuwa na mwanamke wa Kilatino aliyewahi kuongoza kampuni iliyomo kwenye orodha ya Fortune 500, zile kampuni kubwa zaidi za Marekani kwa mapato. Kampuni mia tano, miaka yote ile, hata mmoja. Wa kwanza alikuwa Geisha Williams, mzaliwa wa Cuba aliyeletwa Marekani akiwa na miaka mitano, akasomea uhandisi Miami na akafanya kazi miaka mingi kwenye kampuni ya umeme ya Florida, upande wa nguzo na nyaya, kule ambako kimbunga kikipita wewe ndo unaulizwa umeme unarudi lini. Mwaka 2007 akahamia PG&E, kampuni ya umeme na gesi ya California, na Machi 2017 akawa mtendaji mkuu. Aliondoka Januari 2019, miezi michache baada ya ule moto wa msituni California ulioitwa Camp Fire, wa Novemba 2018, ulioua watu 85 na ambao chanzo chake kilikuwa miundombinu ya kampuni, na kampuni ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Msiba ule ni mkubwa na siwezi kuupitia juu juu hapa. Ninachotaka mkione ni njia aliyopanda nayo. Alipanda kwa upande wa kazi yenyewe, oparesheni, kwenye mitambo na mapato na matumizi. Miaka kadhaa ikapita, Desemba 2022 akaja Priscilla Almodovar, mzaliwa wa Brooklyn wa wazazi wa Puerto Rico, kuiongoza Fannie Mae, taasisi ya mikopo ya nyumba yenye mali zinazozidi dola trilioni 4, akakaa mpaka Oktoba 2025. Na yeye alitokea kwenye sheria za mikopo, mashirika ya nyumba ya jimbo la New York, benki ya JPMorgan Chase, yaani hela na mikataba.

Hilo ni muhimu kwa sababu kampuni nyingi zikitaka kuonyesha kwamba zinawapandisha wadada wa Kilatino zinawapa nafasi za mahusiano ya jamii, rasilimali watu, mawasiliano, zile nafasi za kupiga picha. Ni kazi za maana na mi naziheshimu, ila mtendaji mkuu huwa hachaguliwi kutoka kule, anachaguliwa kutoka kwa waliowahi kubeba faida na hasara. Na kuna ile ya kumpa mtu jina la kiongozi wa timu bila bajeti, bila nguvu ya kuajiri, bila neno kwenye mishahara ya hao anaowaongoza. Hiyo ni sawa na kumkabidhi mtu gari ukabaki na funguo mfukoni. Miaka inapita, anaomba nafasi ya juu, anaulizwa umewahi kusimamia bajeti ya kiasi gani.

Mshahara nao. Kwa hesabu za 2023 mwanamke wa Kilatino anayefanya kazi muda wote mwaka mzima alikuwa anapata kama senti 58 kwa kila dola moja ya mwanaume mweupe. Sehemu ya hilo ni aina za kazi, sehemu ni hiyo habari ya vyeo, na sehemu ni mtego mdogo wa kwenye intavyuu, ulikuwa unalipwa ngapi kule ulikotoka. Ukianza chini swali hilo linahakikisha unahama na uchini wako. California ilipiga marufuku waajiri kuuliza hivyo kuanzia 2018. Kutangaza kiwango cha mshahara kwenye tangazo la kazi, Colorado ilianza 2021, California na jimbo la New York 2023. Sisi Texas sheria ya namna hiyo hatuna, kwa hiyo wadada huku wanaambizana wenyewe. Sisi kwetu mshahara ni siri hata kwa mume wakati mwingine, nilipata tabu sana siku ya kwanza nilipoulizwa wazi na mwenzangu napata ngapi, ila ndo nikajua kuna sheria ya kazi ya shirikisho ya tangu 1935 inayowalinda wafanyakazi wengi wa kampuni binafsi wakiongelea mishahara yao, ingawa mameneja hawamo kwenye ulinzi huo. Kwa hiyo ongea kabla hujawa meneja!

Vyama vipo na vinasaidia kweli, sitaki nionekane nabeza. ALPFA kilianza 1972 Los Angeles kama chama cha wahasibu wa Kilatino na leo kinachukua watu wa fani nyingi, HACE cha Chicago kipo tangu 1982 na kina programu ya uongozi kwa ajili ya wanawake. Uzuri wa vyama hivi ni koneksheni, mtu wa kampuni hii anamjua wa kampuni ile, nafasi ikitoka unaambiwa kabla haijawa tangazo. Ila chama hakiwezi kukaa kwenye kikao cha tathmini cha kampuni yako.

Na upepo wa sasa hivi ni mbaya, tusidanganyane. Sheria mbili za California zilizotaka bodi za kampuni ziwe na wanawake na watu wa makundi yaliyoachwa nyuma zilibatilishwa na mahakama mwaka 2022. Kanuni ya soko la hisa la Nasdaq ya kutaka kampuni zieleze muundo wa bodi zao ikafutwa na mahakama ya rufaa Desemba 2024. Januari 2025 zikaja amri za rais dhidi ya programu za usawa na ujumuishi, na makampuni makubwa kadhaa yakaanza kuzikunja hata kabla hayajashikwa mkono. Nimeona watu wakivunjika moyo, nimeona wadada waliokuwa wanaendesha kikundi cha Walatino ofisini wakiambiwa libadilisheni jina.

Ila ndo maana nimeandika hivi nilivyoandika. Kumpa bajeti mtu ambaye tayari anafanya kazi ya kuleta hayo mapato hakuhitaji programu yenye jina. Hakuna amri ya rais inayomkataza mkurugenzi kuuliza nani hasa anaongea na mteja. Hakuna mahakama iliyokataza fomu ya tathmini kuandika ukweli. Wewe bosi unayesoma hapa, na najua wapo Waswahili wenye vyeo vizuri Dallas, Seattle, Toronto, London, fungua orodha ya wateja wako wiki hii, angalia nani anapiga simu, angalia kwa jina la nani hela inasomwa, na hayo majina mawili yakitofautiana una kazi ya kufanya kabla ya kikao kijacho.

Na kwa wenzangu, ile 54 pale juu ni sisi. Wengi wetu tunafanya mambo yaleyale ya yule dada wa Jalisco, tunamtafsiria mgonjwa Mkongo wodini wakati tumeajiriwa kusafisha au kuandika mafaili, tunaitwa mapokezi kwa sababu amekuja mteja anaongea Kiswahili. Niliyojifunza kwa wadada wa Kilatino ni haya: andika. Kila ukiitwa, andika tarehe, mteja, kilichotatuliwa, na kama kuna hela iliyookolewa au kuingia andika na hiyo, mtumie bosi wako kwa barua pepe kabla ya tathmini sio baada. Ukipewa cheo uliza bajeti yako ni kiasi gani, unaajiri nani na nani anasaini, na uombe majibu kwa maandishi. Na wakikwambia kutafsiri ni sehemu ya kazi yako, omba kiwekwe kwenye maelezo ya kazi pamoja na malipo yake. Waajiri kadhaa huku, hasa mahospitali, wanalipa nyongeza kwa mfanyakazi aliyefaulu mtihani wa lugha, kwa hiyo nenda kaulize ofisi ya rasilimali watu kama kwenu upo na kama lugha yako imo.